Mukau wa Mbinya

Jua la Mutomo halina mzaha. Mwaka ule kuku wa Mbinya alitaga yai likatoka limeshachemka. Chumvi tu ndiyo ilikosekana. Mama mkwe wake alishinda nje ya nyumba ya mabati akifuata kivuli cha ukuta, chembamba kama mkanda.

"Napanda mti wa mukau hapa bomani," Mbinya akasema.

Shemeji yake Mulei, aliyekuja kutoka Sultan Hamud, akacheka. "Mukau ni wa shamba. Bomani hupandwa mjakaranda, wenye maua. Na tangu lini mwanamke akapanda mti kwa ndugu yangu? Mti ni alama ya mwenye boma!"

"Ndugu yako yuko kaburini, shemeji. Mimi ndiye ninayechomeka juani."

"Na zile kokwa ulizofukia mwaka jana? Zimeota?"

Hakuna iliyoota. Mbinya akajifunga leso, akaenda kwa jirani yake Wavinya, mwenye kitalu cha miche.

"Ulifukia kokwa nzima?" Wavinya akashangaa. "Ungengoja mpaka Yesu arudi! Hupasuliwa kwa kisu, mbegu ikatolewa na kulowekwa. Wewe chukua mche."

"Na mjakaranda?"

"Si mbaya. Miti yote miwili hupukutisha majani. Lakini mjakaranda mchanga unataka maji, nawe unayabeba mgongoni. Mizizi yake hutambaa juu juu, usiuweke karibu na tangi la maji. Tena mwezi wa tisa, jua likiwa kali, unaweza kuukuta uchi. Mukau huvua, lakini huvaa tena kabla ya mvua. Mbuzi nao hula majani yake."

"Niupande wapi?"

"Hatua kumi kutoka ukutani, upande wa machweo. Shimo liwe na samadi. Zungushia miiba."

Mbinya akachimba. Mulei akasimama ndani ya shimo. "Nitaung'oa!"

"Ng'oa. Nitapanda miwili. Ng'oa miwili, nitapanda minne. Tuone nani atachoka."

Mama mkwe akagonga fimbo. "Mulei! Toka kwenye shimo la mti wangu!"

Akatoka.

Miaka minne baadaye, mwezi wa tisa, Mulei alirudi akitiririka jasho. Mukau ulikuwa umepita paa, kijani kitupu. Chini yake mama mkwe alisinzia, na mbuzi wakatafuna majani.

"Shemeji, niletee kiti hapo kivulini."

"Kwanza sema ni kivuli cha nani."

Mulei akalitazama jua. Jua nalo likamtazama.

"Chako, shemeji."

Akaletewa kiti.