Ungo Mzito

Siku Lisila alipojifungua mtoto wa kiume, mama mkwe wake Nikipe alikwenda kuuangua ungo ukutani, akashindwa kuushusha kwa mkono mmoja. Ulikuwa mtupu. Aliukung'uta, yakaanguka makapi machache ya shayiri ya mwaka uliopita, akaujaribu tena. Ulikuwa mzito vilevile. Hakumwambia mtu.

Mtoto huyo ndiye aliyemzaa babu yangu. Mambo haya Lisila mwenyewe alimsimulia nyanya yangu uzeeni, mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa.

Chombo hicho kwetu huitwa liknoni. Ni ungo wa kupepetea, mpana, wenye ukingo mrefu nyuma na vishikio viwili, na mbele uko wazi ili makapi yapate njia. Lakini mtu wa kwetu Atika, nchi ya Wagiriki, akilisikia neno hilo hafikirii nafaka peke yake. Ndani ya liknoni mtoto mchanga hulazwa, akue kama mbegu iliyochaguliwa. Siku ya harusi hujazwa mikate ikapitishwa kati ya wageni. Ambaye liknoni inainuliwa juu ya kichwa chake mbele ya miungu huhesabiwa kuwa ametakaswa. Popote ilipo, kazi yake ni moja: kinachofaa kibaki, kisichofaa kiende na upepo.

Themoni, baba wa mtoto, alitundika shada la majani ya mzeituni mlangoni ili jirani wajue amepata mwana. Kilichosalia ni kumbeba na kumzungusha mekoni. Mpaka hapo mtoto ni mgeni tu katika nyumba.

Mgeni huyo hakunyonya. Aliwekewa titi, akageuza uso.

"Anangoja divai," Themoni alitania. "Kamrithi baba yangu."

"Baba yako angalau alikuwa akifumbua macho, bwana," akasema Sira, mtumishi, na hakuna aliyecheka.

Ilikuwa wakati wa kupura. Mchana wanaume walikuwa kwenye uwanja wa kupuria na nyumba ilifungwa madirisha kwa ajili ya joto. Lisila alilala, ungo ukiwa sakafuni kando yake, Sira akichambua sufu pembeni. Ndipo alipoanza kusikia pumzi. Ya mtoto wake aliijua, ilikuwa nyepesi, ya kukatika. Chini yake kulikuwa na nyingine, nzito, ya mtu aliyeshiba. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi na maziwa yaliyochacha, na ungo ukaanza kupembea.

"Sira, umeugusa?"

"Mikono yangu iko kwenye sufu, bibi."

Lisila aliteremsha mkono bila kutazama, maana hakuthubutu kutazama, akapapasa akamkuta mwanawe amesukumwa mpaka ukingoni, amebanwa kama mtu aliyenyang'anywa shuka na anayelala naye, na pale katikati, mahali pa mtoto, palikuwa na shimo lenye joto ambamo hapakuwa na mwili wowote, lakini alipotaka kuurudisha mkono, kitu kikamshika kidole, kikakivuta polepole, kama anayekipeleka kinywani.

Jioni alimwambia mumewe.

"Ni mkono wa mtoto wetu," Themoni akasema.

"Wetu yupi?"

Mwaka shayiri ilipokaukia shambani, Lisila alikuwa amezaa msichana. Themoni alimtia ndani ya chungu, akampeleka kwenye njia ya mawe wanakopita wachungaji, kabla hajamzungusha mekoni. Ilikuwa haki yake kama baba. Lisila alijifunika uso kwa mtandio mpaka akasikia mlango umefungwa.

Kesho yake aliitwa mganga Agne, mwanamke mfupi aliyenuka vitunguu saumu.

"Nani kaupaka mlango huu lami ya kinga? Kipofu?" alisema akiingia. "Pepo angepita hapa na punda wake."

Aliwasikiliza wakieleza yote, akampima mtoto mkononi, akaacha utani. Akauinua ungo mtupu, akauweka chini haraka.

"Yule wa chungu," akauliza. "Alizungushwa mekoni?"

"Hapana," akasema Themoni.

Agne akamgeukia Nikipe. "Wewe, mama?"

"Anayezungusha ni baba," Nikipe akajibu, akitazama sakafu.

"Basi hana kwao. Asiye na meko ni kapi tupu, na dawa ya makapi mnayo humu humu. Upepo wa kaskazini ukishika, mtoto atiwe katika ungo, apepetwe."

"Na mwanangu?" Themoni akauliza. "Naye si atapeperuka?"

"Mwanao ana nyama na damu. Huyu mwingine amekula nini huko aliko?"

Nikipe aliyatazama majivu ya mekoni.

Alasiri upepo ulivuma. Walimpeleka mtoto uwanjani, wakamlaza katika ungo, na Lisila akapewa avishike vishikio, kwa kuwa ndiye mama. Alirusha kidogo, akarusha tena, na kila aliporusha alihisi ndani ya ungo vitu viwili vikigongana na kutengana, kimoja kikirudi chini kwa kishindo na kingine kikichelewa hewani, kikielea mbele kuelekea upande ulio wazi, na alitaka kusimama lakini Agne alikuwa akimhimiza arushe, arushe, upepo usipotee, mpaka kile chepesi kikapita ukingo wa mbele na sauti nyembamba ikatoka, ikapita usoni pake, ikaangukia kwenye rundo la makapi.

Kisha mtoto ndani ya ungo akafumbua macho na kulia kwa nguvu. Alipowekewa titi alilikamata na kunyonya kwa pupa hata maziwa yakamtiririka shingoni.

Wanaume waliokuwa uwanjani wakapiga makofi.

"Nyonya, bwana mdogo," Themoni akasema huku akifuta machozi. "Mama yako asibakiwe na kitu."

Nikipe pekee hakusogea na wengine. Aliketi karibu na Lisila.

"Mwanangu, nimefanya jambo," akanong'ona. "Yule msichana nilimzungusha mimi. Alfajiri ile, ndani ya ungo huu, baba yake akiwa bado amelala. Nilitaka miungu imwone walau mara moja."

"Mama."

"Na tangu siku ile, kila usiku, mkilala, nammwagia maziwa pale mekoni. Sijaacha hata siku moja. Alikuwa akinywa. Asubuhi majivu yalikuwa makavu."

Lisila alimtazama aliyekuwa kifuani pake. Macho nayo yalimtazama, yametulia, bila ule ukungu wa macho ya watoto wachanga. Mwanawe hakuwahi kunywa tone. Hakuzungushwa popote.

"Mganga!" Themoni aliita kutoka upande wa pili. Alikuwa ameshika mwenge. "Makapi nichome?"

"Neno hilo ni la mama," Agne akajibu. "Mara ya kwanza ulisema wewe."

Wote wakamgeukia Lisila. Kutoka kwenye rundo, chini ya mvumo wa upepo, alisikia kilio chembamba, cha kukatika. Alipowatazama wenzake aliona kwamba hakuna mwingine anayekisikia. Angesema kweli, Themoni angekwenda kutafuta chungu kingine, na mwili huu wa pekee waliobaki nao watoto wake wote wawili ungeachwa kwenye njia ya mawe.

Kinywa kifuani pake kiliacha kunyonya. Kilikuwa kikingoja.

"Choma," akasema.

Makapi yakashika moto mara moja. Mtoto akaendelea kunyonya.