Jani la Matundu

Kila akitoka shule, Chapuchapu hakupitia nyumbani. Aliingia karakana ya shangazi yake, akatundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa mikono na kuketi mbele ya kompyuta. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu alifanya kila kitu mbio, hata kula.

Kazi ya karakana ilikuwa kutoboa mabamba ya chuma ya kuzuia jua na kupitisha hewa. Shangazi alichora matundu kwenye kompyuta, fundi wa mashine akayakata. Siku hiyo walikuwa na bamba la dirisha la zahanati ya mtaa, ambako wagonjwa walingoja zamu huku jua la alasiri likiwapiga usoni. Bibi yake Chapuchapu alikuwa mmoja wao, na kila mara alirudi kichwa kinamuuma. Matundu makubwa na madogo yalipangwa ili mtu akisimama mbali aone jani moja kubwa.

"Mwanangu, nimechoka mpaka kwenye mifupa," shangazi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ukubwa wa matundu na nafasi kati yake nimeshaweka. Wewe fungua onyesho kamili, ulipitie lote, hasa katikati ya jani. Matundu yasigusane. Yakigusana, chuma kitakatika, na bamba la unene huu ni hili tu. Dukani wameishiwa."

Akalaza kichwa juu ya meza.

Kulikuwa na njia mbili za kuuona mchoro kabla ya kukata. Onyesho la haraka lilichora baadhi tu ya matundu, ili mtu aone sura ya kazi kwa jumla. Onyesho kamili lilichora kila tundu, na kompyuta ile kuukuu iliyachora mstari baada ya mstari, kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni.

Chapuchapu alifungua onyesho kamili, akangoja. Siku hiyo alikuwa ameamka alfajiri kuteka maji, kisha akafanya mtihani wa hesabu; sasa kope zilikuwa nzito. Mchoro ulipofika robo, akaufunga na kufungua onyesho la haraka. Jani likatokea papo hapo, zuri, limetulia.

"Umeangalia?" shangazi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimeangalia. Liko sawa."

"Na katikati?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akajikongoja, akautuma mchoro kwenye mashine, kisha akarudi mezani kusinzia.

"Chapuchapu, leo umeniamkia kwa macho tu?" fundi alimtania. "Mdomo umeuacha shule?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, sogea huko. Cheche hazijui sare ya shule."

Mashine ilianza pembeni, vipande vya chuma vikidondoka, ti, ti, ti. Chapuchapu alijaribu kusoma, lakini kila mdondoko ulimchoma moyoni. Akarudi kwenye kompyuta, akafungua tena onyesho kamili. Safari hii alingoja. Mchoro ulipofika katikati ya jani, aliinamia kioo. Matundu makubwa yalikuwa yameumana kama pete za mnyororo.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Wangeilaumu mashine. Lakini alimwona bibi yake amekaa pale juani, ameziba uso kwa kanga. Akakimbia.

"Mjomba, zima! Zima!"

Fundi akabonyeza kitufe chekundu. Karakana ikawa kimya. Shangazi akashtuka. "Kuna nini?"

"Sikuangalia, shangazi. Nilifungua la haraka tu, nikasema nimeangalia. Katikati yamegusana."

Shangazi akamgeukia fundi. "Umefika wapi?"

"Bado niko ukingoni, kwenye matundu madogo. Jani lenyewe sijaligusa."

"Basi hatujaliua."

Akaketi kwenye kompyuta, akazipitia namba zake. "Hapa nilikosea mimi, nilikuwa nasinzia." Akapunguza matundu makubwa, akauacha ukingo ulivyo, akafungua onyesho kamili. "Kaa hapa. Naenda kunawa uso."

Aliporudi aliuliza, "Umeangalia?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Chapuchapu akalimeza. "Nusu tu, shangazi. Bado linachora."

Shangazi akacheka kicheko cha uchovu, akavuta kigoda. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Wote tumechoka. Lakini ukisema umeangalia, mimi nafumba macho yangu kwa sababu nategemea yako. Niambie ulipofikia, hata kama ni robo. Hapo nitajua pa kuanzia."

Wakakaa bega kwa bega, mistari ikishuka polepole.

"Nyie wawili mnatazama sinema?" fundi aliuliza mlangoni.

"Nyamaza," shangazi alijibu, "tumefika katikati."

Katikati ya jani, kila tundu lilisimama peke yake. Chapuchapu aliyafuata kwa kidole mpaka mstari wa mwisho, akapiga miayo, kisha ndipo akasema, "Sasa nimeangalia."