Maiki Iliyokataa Kuzimika Siku ya Posa Yangu

"Akishaolewa ndiyo ataambiwa kuhusu mke wa Somanga..."

Jamani! Maneno hayo yalitoka kwenye simu yangu, siku ya posa yangu, nimekaa kitandani na mama, nimejifunga kanga mpya!

Mama akanibana mkono.

"Sada... nani huyo anayeolewa?"

"Mimi, mama."

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana ukinisikiliza kuanzia hapa utadhani ni uchawi.

Nina steshenari hapa Kilwa Masoko, jirani na soko. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti. Na nina ugonjwa mmoja: kitu kipya cha kompyuta kikitangazwa, lazima niwe wa kwanza. Basi nikajiandikisha kujaribu mfumo mpya ambao haujatoka rasmi, nikauweka kwenye laptop ya kazi. Ndiyo, ya kazi! Nichekeni tu.

Weee! Nilikoma.

Shida ilikuwa draiva, yaani zile programu ndogo zinazoifanya kompyuta ielewane na printa, spika na maiki. Kila moja ilikuja na kisirani chake. Printa inatoa karatasi imejaa alama za ajabu, mteja ananiuliza kama ni hirizi! Spika zinakaa bubu, halafu ghafla zinapiga kelele zenyewe. Nikiwaandikia waliotengeneza, wananijibu, "Asante kwa mchango wako." Mchango! Kwani nimechangia harusi?

Lakini maiki ndiyo ilikuwa na roho mbaya kuliko zote. Unabonyeza kuizima, alama nyekundu inatokea, unaamini imezimwa... kumbe inaendelea kusikiliza.

Siku moja kabla ya posa, Mzee Likwata akanikuta dukani karibu nalia. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho. Nilijua ni mmoja wa washenga wa upande wa mchumba wangu, nikaona aibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unagombana na nani, binti?"

"Na hii maiki! Nimeipigia simu yangu kutoka kwenye laptop. Ishike, nenda nayo pale nje."

Nikazima maiki, alama nyekundu ikatokea, nikaongea kwa kunong'ona. Mzee akarudi kaitolea macho ile simu.

"Makubwa! Hiki kidude kina masikio kuliko jirani yangu."

Akachukua kopi yake akaenda zake.

Sasa huyo mchumba. Anaitwa Yassin, anauza samaki wa kukaanga Somanga, pale mabasi yanaposimama. Mara nyingi alikuwa halali Masoko, anasema biashara imemshika. Nilimuuliza uso kwa uso.

"Yassin, una mtu?"

"Wallahi Sada, sina. Ni wewe tu."

Nikamwamini. Nilimpenda, jamani, tena sana.

Siku ya posa ikafika. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni baba mdogo Idd, anayefanya kazi Muscat; angehudhuria kwa video. Kwenye simu wazee wangesukumana kuchungulia, ikaamuliwa ile laptop yangu iwekwe sebuleni. Asubuhi nzima nilipambana na spika, zimekataa!

"Si urudishe ule mfumo wa zamani?" mama akasema.

"Mama, nikirudisha sasa hivi, kila kitu kinafutika!"

Spika zikakubali wageni wakiwa mlangoni. Maiki nikaiacha kama ilivyo. Mwali hakai sebuleni wakati wa posa, anasubiri ndani mpaka aulizwe. Lakini mama alitaka kusikia, nikajiunga kwa simu yangu tukiwa chumbani.

Barua ya posa ikasomwa. Kisha, kama ilivyo desturi, wazee wetu wakatoka uani kushauriana. Kabla ya kutoka, mjomba wangu akabonyeza kuzima maiki ili wageni nao waongee faragha. Sebuleni wakabaki washenga wawili tu, Mzee Likwata na Abdurahmani, kaka yake Yassin.

Nikamsikia Mzee Likwata akikohoa.

"Abdurahmani, hebu niambie tena. Yule mke wa Somanga, huyu binti anamjua?"

"Shhh! Mzee, taratibu!"

"Mbona unaogopa? Si wamezima? Ona hiyo nyekundu."

Abdurahmani akashusha sauti.

"Hajui. Akishaolewa ndiyo ataambiwa kuhusu mke wa Somanga. Na mtoto wao pia."

"Na mimi mkaniapisha nisiseme."

"Mshenga anasema alichotumwa tu, mzee!"

Moyo wangu!

Kabla sijainuka, spika za sebuleni zikalia kwa sauti ya baba mdogo, kutoka Muscat mpaka uani.

"NIMESIKIA! Warudishieni barua yao! Hapa hakuna posa!"

Nikasahau kama mimi ni mwali. Nikatoka mbio mpaka sebuleni, kanga inanidondoka. Abdurahmani anaitazama ile alama nyekundu, jasho linamtoka. Nikampigia Yassin hapohapo.

"Una mke?"

"Sada... nilikuwa nataka kukuambia..."

"Uliapa kwa Mungu, Yassin!"

Akakata simu.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Kama angeniambia ukweli, ningeamua mwenyewe kukubali au kukataa. Alichoniibia ni huo uamuzi. Na yule dada wa Somanga naye labda hajui lolote mpaka leo.

Siku chache baadaye Mzee Likwata akapita dukani.

"Pole, mwanangu."

"Mzee, kwa nini ulimuuliza pale, mbele ya kompyuta? Nilikuonyesha haizimi!"

Akanitazama bila kupepesa.

"Niliapa sitakwambia wewe wala wa kwenu. Sijakwambia. Nimeongea na Abdurahmani tu."



Jamani, dada zangu, mimi nilimuuliza mtu mmoja tu, tena yuleyule mwenye sababu ya kunidanganya. Mji mzima ulikuwa na watu wanaojua, sikwenda hata Somanga kununua samaki! Ulizeni. Ulizeni zaidi ya mtu mmoja, hata kama mapenzi yamewajaa mpaka kooni.

Leo asubuhi laptop imeniletea ujumbe: "Tatizo la maiki limerekebishwa. Sakinisha sasa?"

Nimebonyeza "Baadaye".