Marahaba ya Lukresia

Kitu cha kwanza kilichomuudhi Lukresia kisiwani Irumba ni salamu. Ametoka Ushirombo, ambako mtoto akipita bila kuamkia anarudishwa njiani. Huku, aliposhuka kwenye boti akampa shikamoo mama mmoja mtu mzima, yule mama alimkodolea macho kwanza, akamchunguza uso wote, ndipo akasema marahaba kwa shida. Wa pili vilevile. Lukresia akamnong'oneza binti yake Agatha, "Watu hawa hawakulelewa." Mtu na adabu zake bwana! Angejua, angeziacha Ushirombo.

Walikuja kumtembelea Mariana, mdogo wake Lukresia, aliyeolewa kisiwani na hakujaliwa mtoto. Agatha alikuwa na miaka sita. Kabla yake Lukresia alizika wawili, kwa hiyo huyu alimchunga kama mboni ya jicho.

Siku ya pili, jua la mchana likiwa kali, Mariana alikwenda ufukweni kugeuza dagaa. Agatha alikuwa amelala ndani. Lukresia alikaa uani akimenya mihogo, mawazo yakiwa kwingine, akasikia nyuma yake sauti ya mtoto, nzuri, ya heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu bila kugeuka. Angalau yupo mmoja aliyefunzwa, akajisemea.

Alipogeuka hakukuwa na mtu. Ua wote ulikuwa mkavu, ila nyuma ya kigoda chake palikuwa na tope bichi, na harufu ya maji yaliyolala mtungini siku nyingi.

Mariana aliporudi alihadithiwa kama kichekesho. Hakucheka. Ungo wa dagaa ulimponyoka.

"Dada, ulimwona uso?"

"Nimwone wapi, nilikuwa namenya."

"Ukamwitikia?" Sauti ya Mariana ikashuka. "Ukamwita mwanangu?"

"Sasa mtoto akikuamkia utamwitaje?"

"Hapa hatuitikii mpaka tumeona uso, dada. Kuna jini mle ziwani asiye na mama. Anatafuta wa kumwitikia."

Wakasikia ukuta unagongwa kwa ndani. Walimkuta Agatha amekaa mkekani, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, anaita kwa nguvu zake zote na hakitoki kitu. Mwili ulikuwa wa baridi na gauni limelowa. Na kule uani sauti yake yenyewe, sauti ya Agatha, ikaita kwa kudeka, "Mama! Mama, nina njaa!"

Lukresia alipiga magoti akaanza Salamu Maria, akakosea maneno aliyoyajua tangu utotoni.

Mariana alikimbia kumleta Bibi Suzana, mfumu, kama wanavyomwita mganga huko. Bibi alimwekea mtoto kiganja kifuani, akatikisa kichwa.

"Jini na mwanao wanagawana nafasi moja, Mama Agatha. Yule ameshachukua sauti. Jua likizama atachukua kilichobaki."

"Bibi, nakuomba. Sina mwingine. Sina mwingine kabisa."

"Ulimkubali kwa mdomo, mkane kwa mdomo. Kaa uani, tazama ziwa, usigeuke. Yeyote atakayekuita mama, mkane. Usihofu kumkosea mwanao, mwanao hana sauti."

Lukresia akakaa. Haukupita muda.

"Mama, mbona hunitazami?"

"Mimi si mama yako."

Harufu ya maji yaliyooza ikamzunguka, na kitu kilicholowa kikamwegemea mgongoni, kizito, kikaanza kutaja majina ya wale wawili aliowazika, kikasema kinacheza nao huko chini na wote wanamuulizia, na Lukresia akakana huku machozi yakimchuruzika, akakana sauti ilipotetemeka, akakana ilipogeuka kilio cha mtoto mchanga anayetafuta ziwa la mama yake, akakana mpaka koo likamkauka na hakujua tena kama anasema au anadhani tu kwamba anasema.

Harufu ikakatika. Ndani, Bibi Suzana alipaza sauti akisema, "Mama Agatha, basi! Basi!" lakini miguu midogo ilikuwa imeshatoka mbio uani, ikaja mpaka nyuma yake.

"Mama!"

"Mimi si mama yako!" Lukresia alipiga kelele. "Sikujui! Nenda zako!"

Mkono uliomshika bega ulikuwa mkavu, tena wa moto, mkono wa mtoto aliyetoka usingizini. Aliutambua maneno yakiwa yanamalizikia mdomoni. Akageuka. Agatha alikuwa amesimama pale, mzima, sauti yake imemrudia, na ule mkono akauondoa polepole.

Neno likitoka halirudi. Lukresia alimkumbatia, akamwita jina lake, akamwita majina yote ya kumbembelezea, akamwomba radhi kama mtu anayesubiri hukumu. Mtoto alijikaza mikononi mwake. Kisha akajinasua, bila ukorofi, akaenda kujificha nyuma ya kanga ya Mariana.

"Agatha," Mariana alisema kwa sauti iliyokuwa inakatika, "mama yako ni yule pale."

Mtoto akachungulia kidogo, halafu akaivuta ile kanga.

"Mama," akamwambia Mariana, "huyu mgeni analilia nini?"