Kadi Juu ya Kitanda cha Toivo Rautio

Mzee Toivo Rautio alifia kwenye kiti chake cha magurudumu Jumatano asubuhi, theluji ikianguka nje ya dirisha lake, kahawa imemmwagikia mapajani. Mpelelezi wa kaunti, Ruth Lahti, alipofika kwenye makao ya wazee, mwili ulikuwa umeshalazwa kitandani na kufunikwa shuka. Ukutani, juu ya kitanda, palikuwa na kadi ya njano yenye maandishi makubwa: VINYWAJI VIZITO TU. Kwenye kabati, kando ya miwani ya marehemu, palikuwa na kopo la ule unga wa kukifanya kinywaji kiwe kizito kama uji, kwa mgonjwa ambaye maji mepesi humpalia.

"Kadi hiyo hata kipofu angeiona," alisema Marlys Heikkinen. Alikuwa muuguzi mkuu pale, na ndiye aliyewafundisha karibu wauguzi wasaidizi wote wa kaunti ile. "Mtaalamu wa koo alimpima Jumatatu. Tangu siku hiyo anakunywa kizito, kutoka kwenye kopo lake hilo hilo. Kila mgonjwa ana lake. Leo msichana kaingia, hakutazama, kampa kahawa nyepesi."

"Msichana gani?"

Marlys alitazama pembeni. "Brenna Koski. Samahani, Ruth. Najua ni kama mwanao."

Vuli nzima Brenna na Jodi, binti yake Ruth, walikuwa wamekaa kwenye meza ya jikoni kwake wakibishana wakasomee wapi uuguzi usaidizi. Mafunzo ya makao yalikuwa mafupi, hayana ada, na ukimaliza una kazi. Ya chuo yalikuwa muhula mzima, ng'ambo ya vilima, barabara ya barafu, lakini huko humgusi mgonjwa mpaka mwalimu akuone kwa macho yake kwamba unaweza. Brenna alichagua makao, maana mama yake alikuwa ameumia mgongo na nyumba ilihitaji mtu wa kufanya kazi. Jodi naye alikuwa ajiunge Jumatatu inayofuata.

Alimkuta Brenna kwenye chumba cha kufulia, amekaa juu ya furushi la mashuka. Macho yamevimba.

"Mwalimu wako alikuwa wapi, mwanangu?"

"Marlys alikuwa korido ya pili. Watu wawili hawakuja kazini leo. Akaniambia, 'Kampe Toivo kahawa yake, wewe unaweza.'"

"Mlishafundishwa kunywesha?"

"Bado. Ilikuwa iwe kesho."

"Na kadi hukuiona?"

"Hakukuwa na kadi."

"Brenna. Nimeiona mimi."

"Sasa ipo. Wakati ule haikuwepo, mama Jodi. Pale ukutani kulikuwa na kalenda ya farasi. Toivo alinionyesha yule wa kijivu, akasema alikuwa na wa namna hiyo, anavuta magogo msituni. Akacheka. Halafu akanywa." Akaufunika uso. "Alinishika mkono, akaukaza. Mimi nikadhani anacheka bado."

Ruth alitoka akiwa anataka sana kumwamini, na kwa sababu hiyo hiyo akajihadhari. Msichana aliyetishika huweza kuona ukuta mtupu mahali penye kadi.

Kwenye korido alimkuta Carol, binti wa marehemu, bado na koti lake la theluji.

"Muulize mpishi," Carol alisema. "Yeye na baba walikuwa hawaivi. Jana wametukanana mbele ya watu."

Dale Pelto, mpishi, alikuwa anakatakata viazi. Hakuacha.

"Kweli tuligombana. Niliweka karoti kwenye pasti, zile andazi za nyama na viazi, mzee akaona nimemtusi ukoo mzima. Akanirushia, kisha akanitukana Kifini."

"Ukamlipizia kwa kahawa?"

Kisu kikatulia. "Afisa, kahawa inatoka hapa nyepesi kwa kila mtu. Unga wanatia huko huko vyumbani. Mimi wananiambia tu nani hawezi kumeza vizuri, ili nimlainishie chakula."

"Na Toivo walikuambia?"

"Hapana. Ningempaje pasti yenye ganda gumu jana? Na baada ya kunirushia ile ya kwanza, aliomba nyingine isiyo na karoti. Nikampelekea. Akaila yote, mzee yule." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Ningejua ni ya mwisho, nisingemrushia maneno."

Kama Dale alisema kweli, basi agizo la Jumatatu halikuwa limefika jikoni hadi jana. Je, chumbani lilifika?

Ruth alirudi peke yake, akafunga mlango. Aliinua ukingo wa kadi ile ya njano. Chini yake palikuwa na msumari. Akafungua droo ya kabati. Juu ya soksi ililala kalenda, imekunjwa kwa haraka, ukurasa wa Desemba ukiwa na farasi wa kijivu kwenye theluji. Akachukua lile kopo na kuzungusha kifuniko. Karatasi ya fedha iliyofunika unga ilikuwa nzima, haijatobolewa hata kwa ukucha.

Alikaa kitandani, miguuni pa Toivo. Kwa muda hakutamani kuinuka. Marlys ndiye aliyemwogesha mama yake Ruth siku zake za mwisho, akimwimbia taratibu ili asione haya.

Alipomwita, Marlys aliingia na kusimama karibu na mlango.

"Ulisema anakunywa kizito tangu Jumatatu, kutoka kopo hili hili," Ruth alisema, akalifungua mbele yake. "Halijaguswa, Marlys. Jikoni hawakuambiwa. Na kalenda aliyoniambia Brenna ipo kwenye droo, imetolewa kwenye msumari ulio nyuma ya kadi."

Marlys alitazama shuka. Kisha akavuta kiti, akaketi kama mtu aliyetembea mbali.

"Mtaalamu aliniambia nikiwa nimemwinua bibi mmoja chooni. Nikasema sawa. Nikasahau. Nimesahau, Ruth, hivyo tu. Wazee korido tatu na muuguzi mmoja."

"Leo ukakumbuka."

"Nilipomsikia anapaliwa. Nilikimbia, nikamgonga mgongo, wapi. Brenna akakimbilia kulia nje. Nikabaki na mzee. Kadi zipo mfukoni mwangu siku zote, na kopo nikalitoa stoo."

"Kusahau ningekuelewa. Kwa nini umtwike mtoto?"

"Wakininyang'anya leseni mimi, mafunzo haya yanafungwa. Nani atawafundisha wasichana wasioweza kufika chuoni?" Sauti yake ikashuka. "Na yeye hana cheti bado. Nikafikiri, hana cha kupoteza. Ataanza upya mahali pengine."

"Jimbo lingemzuia kumgusa mgonjwa maisha yake yote. Wewe ndiye unayewafundisha hilo."

"Siku ya pili," Marlys alisema. "Huwa nawaambia siku ya pili." Akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka kwenye magoti, akaanza kulia bila sauti. Ruth alimsubiri hadi alipoweza kusimama, ndipo akampeleka garini. Hakumtia pingu.

Jioni alikwenda kwa akina Koski. Alieleza yote mlangoni, mama yake Brenna akiegemea ukuta kwa ajili ya mgongo.

"Kwa hiyo huna kosa," Ruth alimaliza. "Umesikia?"

"Nimesikia." Brenna alitazama viganja vyake. "Lakini kikombe nilikishika mimi, mama Jodi."

Ruth alimsogelea. Akamkumbatia tu.

Mafunzo ya makao yalifungwa wiki ile. Jodi akajiandikisha chuoni, na bila kumwuliza mtu akamwombea rafiki yake nafasi kando yake. Mwezi wa Januari, asubuhi ya kwanza waliyotakiwa darasani, Ruth alisimama dirishani na kuliona gari la bintiye likisimama mbele ya nyumba ya akina Koski, upande wa pili wa barabara. Taa ya jikoni kule ilikuwa inawaka. Moshi wa gari ulipanda kwa muda mrefu kwenye baridi. Mlango haukufunguka. Kisha gari likaondoka polepole kuelekea vilimani, Jodi peke yake ndani yake.