Vidonge vya Nywele

Malori ya makontena yakianza kunguruma Kurasini, Editha huwa ameshaamka. Hufagia uani, huosha vyombo, ndipo hunywa chai. Likizo hii aliongeza kazi moja ambayo hakutumwa na mtu: kumeza vidonge vya kukuza nywele alivyochukua kabatini kwa mama mdogo Clara, muuza vipodozi. Shuleni kwao wasichana hunyoa, naye alitaka asukwe kwenye harusi ya Clara. Clara alishamkataza, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Siku moja mama yake, Filomena, aliona shingo ya Editha imevimba kidogo. Hofu ikamshika, maana bibi yake Editha alikuwa na rovu, ule uvimbe mkubwa wa tezi ya shingoni. Akampeleka hospitali.

"Kuna vidonge vyovyote unavyomeza?" Daktari Nurdin aliuliza.

Editha alimtazama mama yake. "Hapana."

Alitolewa damu. Majibu yalisema homoni za tezi ya shingo zimezidi sana.

"Ajabu," daktari alisema. "Kwa homoni nyingi hivi moyo ungekwenda mbio, lakini wake unapiga vizuri, na mikono haitetemeki. Tutapima tena. Zikiwa hivihivi, tutaanza dawa ya kuituliza tezi."

Nyumbani, Editha alikatazwa kukimbia na kuruka kamba. Alishinda chumbani, akiwatazama wenzake kupitia nondo za dirisha.

"Wewe, mbona hutoki?" rafiki yake Hope aliita.

"Mie naumwa."

"Unaumwa nini?"

Editha aliondoka dirishani. Aliogopa kwamba vile vidonge vimemharibia damu. Akisema, atachapwa na harusini haendi. Akinyamaza, atanyweshwa dawa. Jikoni alimsikia mama akilia, akatamani ardhi ipasuke. Hata hivyo, kesho yake alimeza tena. Hivyo ndivyo uongo ulivyo, ukishauanza unakuburuta.

Kipimo cha pili kilitoka kibaya zaidi. Daktari akachukua kalamu aandike dawa.

"Asante, daktari," mama alisema. "Nitamsimamia mwenyewe mpaka ameze."

"Usiandike!" Editha alilia. "Nameza vidonge vya nywele vya mama mdogo. Kila siku."

Mama alisimama. Editha akafumba macho akisubiri kofi.

"Mtoto wewe!" mama alisema. "Ningekushikia maji mwenyewe umeze dawa isiyo yako!"

Daktari aliweka kalamu chini, akashusha pumzi. "Vidonge hivyo vina vitamini iitwayo biotini kwa wingi. Mashine yetu nayo hutumia biotini kunasa homoni ili izipime. Biotini ikijaa kwenye damu yako, inaziba nafasi na mashine inatoa majibu ya uongo. Acha kabisa, urudi wiki ijayo."

Waliporudi, homoni zilikuwa sawa. Uvimbe ule mdogo, daktari alisema, huwapata wasichana wengi wanapokua, naye ataendelea kuuangalia.

Nje ya maabara, mama alimshika Editha mkono kwa nguvu.

"Nilikasirika, na bado nina hasira," alisema. "Lakini sikia. Mashine inapima damu tu, haijui ulichomeza. Daktari naye anajua unachomwambia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe hukuwa mgonjwa, mwanangu. Ulikaribia kuwa mgonjwa kwa kufunga mdomo."

"Nisamehe, mama," Editha alisema, na machozi yakamtoka.