Anwani ya Mtoto

Marehemu alilala kifudifudi nyuma ya mlango, ufunguo mkononi. Alifungua mwenyewe, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Mwanamke aliyemkimbia mume katili, akahama mji na kubadili jina, hafungui mlango ovyo.

"Mwanamume aligonga, kabana sauti," jirani alisema. "Akasema, 'Nimeleta dawa ya kikohozi.' Basi, akafunguliwa."

Mkuu wa Ofisi ya Ustawi wa Jamii, iliyomficha marehemu, alipoyasikia maneno hayo, alisawajika.

"Hiyo ni ishara yetu na marehemu. Imo kwenye faili lake tu, pamoja na anwani."

"Nani hulisoma?"

"Watumishi wangu. Wote wamekula kiapo cha siri."

"Na wale?" Katika chumba cha pili vijana walikuwa wanachapa kwenye kompyuta.

"Aa, hao si wetu, ni wa mkandarasi. Wanaingiza mafaili tu."

"Wameapa?"

"Kiapo ni cha watumishi wa serikali, afande."

"Kila mmoja ana neno lake la siri?"

"Wanatumia moja. Inarahisisha kazi."

Inspekta alitamani kumzaba kibao. Siri za watu zimeachwa wazi, na aliyezichota hajulikani! Mume alikuwa bado mafichoni, na mtoto wao wa miaka mitano alitolewa uvunguni mwa kitanda. Alimwona baba yake akiua. Aliyeuza anwani ya mama hatashindwa kuuza ya mtoto.

Mtoto akahamishwa kimyakimya. Kisha Inspekta akamwagiza mkuu aingize kwenye faili kwamba mtoto ni shahidi, pamoja na anwani ya uongo: nyumba ya bibi mlezi, ishara ileile. Ndani wakajibanza yeye na askari wawili.

Kesho yake asubuhi, hodi.

"Nimeleta dawa ya kikohozi."

"Imechelewa," Inspekta alijibu, akamtia mume pingu. Mfukoni mwake mlikuwa na kisu, na simu. Namba ya mwisho kumpigia iliandikwa "Dada".

Inspekta alirudi Ustawi, akasimama katikati ya vijana wa mkandarasi na kuipiga namba hiyo. Simu ikalia kwenye mkoba wa binti mpole, aliyemkaribisha Inspekta kiti jana. Binti hakuipokea.

"Ni kaka yangu," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikutana na faili la wifi hapa kazini. Kaka alikuwa analia kila siku. Nilidhani anakwenda kumwomba msamaha."

"Hiyo mara ya kwanza. Jana ulijua wifi yako ameshauawa. Anwani ya mtoto ulimpa ya nini?"

Binti alifuta machozi. Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mtoto alimwona. Angesema mahakamani."

"Ni mtoto wa kaka yako. Damu yako!"

"Watoto atazaa wengine, afande," alisema taratibu. "Mimi kaka ninaye mmoja tu."